Wimbo Usiotafsiriwa

Shikamoo mama. Nisamehe, nimekaa kimya tangu nikuachie Neema umwachishe ziwa. Jana wifi alinipeleka kwenye kibanda cha video hapa Mbaha, nikaona filamu ya Kihindi kwa mara ya kwanza. Mtafsiri wa hapo kibandani alieleza kila neno, ila wimbo ulipoanza akanyamaza. Mama mmoja aliimba huku akikunja nguo za mwanawe aliye mbali. Machozi yakanitoka.

"Wifi, kumbe Kihindi unakijua?"

Nikamwambia ni moshi wa dagaa wanaokaangwa nje.

Maziwa yameshakauka, mama. Asante kwa kumlea, lakini usiniambie akae kidogo kwanza. Kaka akishuka huku, mpe maharage, kitenge cha kumbebea, na Neema mwenyewe.