Maji ya Lambo Chini ya Hadubini

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Na mwanangu Zuhura, bado anakuamsha kabla ya adhana? Mimi ni mzima. Nimekuandikia barua kwa sababu kwenye simu nikitaja habari za maji, ghafla mtandao wako unakuwa mbaya.

Duka letu linauza vifaa vya maabara za shule. Mteja wa hadubini hataki maneno, anataka kuona kitu kinatembea. Kwa hiyo bosi wetu, Mangi, huweka chupa ya maji ya dimbwi yenye majani makavu, na ndani yake mna vidudu vya seli moja. Kazi yenyewe nilikuwa bado niko kwenye majaribio. Basi Ijumaa nikaona ile chupa ina utelezi. Si ulinilea kwamba Ijumaa mtungi lazima usuguliwe? Nikaimwaga, nikaisugua kwa sabuni, nikajaza maji ya bomba.

Kesho yake akaja mwalimu wa baiolojia kutoka Magomeni, anataka hadubini sita. Akainama, akatazama.

"Dada, mbona humu hamna kitu?"

Mangi akanigeukia. "We Somoe, umefanya nini?"

Nikajua kazi imeota mbawa. Ndipo nikakumbuka dumu la maji ya lambo ulilonitumia kwa basi, nilipolalamika kuwa ya huku yananuka dawa. Nilikuwa na chupa yake mkobani, ya kunywa. Nikadondosha tone moja kwenye kioo, mwalimu akainama tena.

"Weee! Hawa wamenona!"

Nami nikachungulia. Vidudu vyenyewe vina umbo la wayo wa kandambili, na vinyweleo mwili mzima vinavyopiga maji bila kupumzika. Kimoja kikigonga chembe ya taka kinarudi nyuma, kinageuka kidogo, kinajaribu tena, kama mkokoteni wa hapa sokoni. Mwalimu akachukua hadubini zote sita, na Mangi akanibakiza kazini.

"Maji ya wapi haya?" mwalimu akauliza.

"Ya kwetu," nikajibu, tena kwa maringo.

"Na hiyo nusu iliyopungua?"

"Nimekunywa."

Duka zima likacheka, hata mimi. Halafu mwalimu akanieleza kwa upole kwamba vidudu vile vyenyewe havina neno, ila maji yanayovifuga yanaweza kufuga na vya kuharisha. Nikaacha kucheka. Nilikumbuka tumbo la Zuhura lisilotulia, nasi tunasema ni meno.

Najua utasema umeyanywa miaka yote na hujafa. Lakini ulizaa saba, Mama, tumebaki watatu. Sikulaumu, mimi mwenyewe nimeyanywa hadi juzi.

Msalimie Shangazi, na kaka Hamisi umshukuru kwa kulifikisha dumu stendi.

Mchemshie Zuhura. Akikataa harufu ya moshi, mwambie na mama yake anakunywa hivyo hivyo. Yaliyobaki kwenye dumu nimeyachemsha jana, na bado yana ladha ya kwetu.

Mwanao,
Somoe