Dari Nyeupe ya Frankline

Otonglo, Jumapili

Frankline,

Binti yangu Sheryl amepata nafasi ya chuo kikuu huko Bondo, na mahindi yameota vizuri. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki.

Nyumba uliyoniuzia ilivuja mvua ya kwanza tu. Nilimwita fundi Kangethe, akapanda, akatoboa dari. Aliposhuka akaniuliza, "Mama, aliyekuuzia ni mtu wenu?"

Nikamwambia ni binamu yangu, tumelelewa chumba kimoja. Akanionyesha kipande cha mbao kikivunjika mkononi mwake kama biskuti. Mchwa wamekula paa lote. Matundu ya mabati yalizibwa kwa lami, halafu yote yakafunikwa kwa dari mpya. Ndiyo ile dari uliyonionyesha ukicheka, "Celestine, hapa ni kuhamia tu."

Kabla Kangethe hajarudi na mbao, dari ilimwangukia Mama kitandani. Nyonga imevunjika. Mwanamke aliyekulea baada ya wazazi wako kufa, leo hawezi kujigeuza bila kushikwa na watu wawili.

Kila asubuhi anauliza kama umefika. Anasema, "Frankline hakujua. Angejua, angeniambia."

Sijamjibu. Sitakusaidia kudanganya, na mdomo wangu hautamvunja moyo. Toka huko Muhoroni uje umwambie mwenyewe, ukimtazama usoni. Ukishamwambia, uondoke. Usinisalimu mlangoni.

Niliyekuwa dada yako,
Celestine