Mjane Aliyetoa Nusu ya Nyumba

Jumamosi. Upepo tangu alfajiri, vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari.

Leo nimempeleka Mama Manyoni. Tangu Baba afariki anaishi nami hapa Mwankoko, na kila ninachomuuliza anajibu, "Sawa tu." Niungame: kuna siku ukimya wake unaniudhi, natoka nje najifanya naanua nguo.

Nilisikia huko kuna makumbusho ya wazi, nyumba za wakulima na wafugaji waliohamia huku zamani, zimejengwa upya uwanjani. Mama naye alikuja akiwa binti mdogo, kwa miguu, na wazazi wake na ng'ombe, kutoka Usukumani. Nikasema twende.

Kwenye tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, dada anayetembeza wageni alimwamkia Mama, kisha akaeleza kwamba kila familia ilipofika ilijenga yake.

"Sivyo, mwanangu," Mama akasema.

Nilishtuka. Tangu msiba sijamsikia akimpinga mtu.

Akainama, akaingia, akagusa ukuta. Akasema walifika mvua zimeshaanza, mdogo wake ana homa kali, na hapakuwa na namna ya kujenga. Mjane mmoja wa Kigogo akawapa nusu ya tembe lake. Wakakaa naye hadi mavuno.

"Hakujua Kisukuma, sisi hatukujua Kigogo. Lakini kila asubuhi alimshika mdogo wangu paji la uso, ndipo akakoroga uji."

Mdogo mwenyewe ni mjomba wangu wa Itigi. Ana wajukuu sasa.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na shughuli nyingi, mwanangu."

Alisema kwa upole. Ndiyo maana iliniuma.

Yule dada akauliza jina la mjane. Mama akanitazama mimi.

"Aliitwa Nyemo."

Nilikaa chini palepale.

Nyemo ni mimi. Shuleni walinicheka, Msukuma mwenye jina la Kigogo, nami nikaliacha. Ofisini wanalijua la ubatizo tu. Miaka yote nilidhani Baba alinipa kwa kupenda tu lilivyosikika.

Jumatatu nitawaambia kazini waniite Nyemo. Hilo ni jepesi.

Mjane yule alitoa nusu ya nyumba kwa watu asiowajua. Mimi nimempa mama yangu mzazi chumba kimoja, na mlango nimemfungia kwa haraka zangu.

Nianzie wapi kumpa nusu?