Mabakuli ya mama yake Daktari

Magomeni, Mtwara. Jumapili, Agosti 1973.

Leo kumekucha na kaubaridi, nikajitanda kanga mbili. Nina aibu na nina furaha, na sijui nianze na ipi.

Daktari Ileana ni jirani yangu, na hospitalini ndiye mkubwa wangu katika wodi ya wazazi. Kwao ni Romania. Aliondoka bila ruhusa ya serikali yake, na akirudi hatatoka tena. Mama yake amefariki huko. Barua ilichelewa njiani. Aliisoma amesimama, kisha akaingia kuzalisha. Ndiye aliyemtoa Salma wangu mzima, kitovu kikiwa kimemzinga shingoni. Simsahau kwenye dua.

Kumbe na kwao kuna arobaini, kama kwetu. Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Alichemsha ngano nzima, zile tunazopikia bokoboko, akatia sukari na korosho zilizotwangwa, akagawa nyumba kumi na mbili. Kila nyumba ilipata bakuli jipya la bati na mshumaa juu yake. Watu walipokea vizuri, wakasema Mungu amrehemu. Bi Somoe, mkubwa wetu kwa umri na kwa maneno, aliuzima mshumaa wake akauficha kabatini, maana mafuta ya taa hayaaminiki.

Leo mchana nikaosha bakuli langu, nikatia muhogo wa nazi na kipande cha samaki, nikampelekea. Nilijiona mwenye adabu zangu! Alinishukuru kwa sauti ndogo, akafunga mlango. Nikadhani amechoka.

Baada yangu wakaenda wengine, huyu na mbaazi, yule na vitumbua. Kufika alasiri yalikuwa yamerudi yote kumi na mawili.

Nilikuwa naanua nguo nilipomsikia analia.

Nikapiga hodi. Meza ilijaa vyakula na hakuna kilichoguswa.

"Mama Salma, mmenirudishia yote," aliniambia. "Kwani mama yangu amewakosea nini?"

Ndipo nikaelewa. Kwao chakula cha marehemu hutolewa pamoja na chombo chake, kiende moja kwa moja, ili marehemu naye apate cha kulia huko aliko. Chombo kikirudi, sadaka imekataliwa. Alikuwa amekaa pale akiamini kwamba mtaa mzima umemkataa mama yake.

Na wa kwanza kurudisha ni mimi.

Nilimweleza kwamba hapa bakuli la jirani hurudi, tena halirudi tupu. Lisiporudi, ujue mmegombana. Aliitikia kwa kichwa, lakini machozi hayakukoma. Alielewa, ila mama ni mama.

Nikaenda mbio kwa Bi Somoe. Nilitegemea atanicheka kwanza, ndiyo kawaida yake. Hakucheka. Alivaa kandambili zake akapita nyumba hadi nyumba, na kabla ya magharibi tulikuwa sote uani kwa Daktari. Kila mmoja alihamishia chakula chake kwenye masufuria ya mwenyeji, akachukua tena bakuli lake. Bi Somoe alilishika la kwake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, utusamehe, hatukujua. Hili la kwangu halirudi tena, nitakula humo mpaka nife. Mama yako anaitwa nani, nimtaje nikiswali?"

Daktari alisema, "Maria." Akarudia kwa nguvu zaidi, "Maria." Anasema tangu aondoke kwao hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Baada ya hapo alikula. Alianza na mbaazi, akamaliza na vitumbua, na sisi tukakaa mkekani tukala naye hadi adhana. Namshukuru Mungu kwa mtaa huu, na kwa mwanamke huyu ambaye hana pa kurudi na bado anatupokelea watoto wetu.

Lakini aibu yangu iko pale pale. Miaka minne nakunywa naye chai kila asubuhi. Najua hapendi tangawizi. Najua akichoka huimba kwa lugha ya kwao. Jina la mama yake nimelisikia leo, na aliyeuliza ni Bi Somoe.

Kesho kwenye chai nitamuuliza la baba yake.