Bandeji ya Bibi na Udhu

Mama mpenzi, shikamoo. Twakusalimu kutoka Msambweni. Bibi hajambo, na kila siku anaulaumu wali wa nazi wa huku kwamba hauna chumvi.

Kidonda chake cha mguu kinatibiwa kwa bandeji nene ya kubana, inayotakiwa ikae wiki nzima bila kuguswa. Lakini kila tulipokwenda kliniki, nesi aliikuta imelegea. Wiki iliyopita akasema, "Bibi, mambo yakiendelea hivi, itabidi tufikirie kukupandikiza ngozi." Mimi nilijua sababu ya kulegea: alikuwa akiifungua kila sala ili aoshe mguu kwa udhu.

Wanijua nilivyo na haya, Mama. Tulipotoka kukaa kwenye baraza ya kliniki, nikamwambia huku nikitazama chini, "Bibi, madrasa tulifundishwa kwamba mwenye jeraha hafungui bandeji. Anapangusa juu yake kwa mkono wenye unyevu, na anatayamamu kwa vumbi safi."

"Wewe wa juzi ndiye wa kunifundisha mimi udhu?" akauliza kwa sauti, benchi zima likageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Kumbe madrasa hukuwa ukisinzia!"

Leo nesi ameikuta bandeji imekaza vile vile kama alivyoifunga. Kidonda kimeanza kupungua, na pembeni ngozi mpya inaota. Kupandikiza hakukutajwa tena. Bibi anasema nikuandikie kwamba anapona kwa dawa ya hospitali na kwa fatwa ya mjukuu wake.

Mola akuhifadhi, Mama, mpaka Bibi akufikie kwa miguu yake.

Mwanao akupendaye,
Mwanasha