Soksi za Shemeji Yako

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu. Sisi tupo, tunasukuma maisha. Paa la jikoni bado linavuja, na paka wa jirani amezalia kwenye kapu langu la nguo.

Nyuzi za sufu ulizonitumia zimefika. Ulisema mikono ikishughulika, moyo hupumua. Kweli. Juzi nilifuma wodini kando ya kitanda cha shemeji yako, nikasahau hata kulia. Nilimfumia soksi. Mbili, dada! Mazoea yana tabu. Akazitazama, akautazama mguu wake mmoja, akaniuliza, "Mke wangu, hii nyingine ya nani?" Tukacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akatugombeza. Tangu wamkate mguu, sikuwahi kumsikia akicheka.

Akasema ile ya pili itakuwa ya kubadilisha, na nimfumie ya tatu, ya kijani.

Jana daktari aliniita pembeni. Sukari imeuharibu na mguu uliobaki, nao utakatwa. Mwenyewe hajaambiwa. Leo kaniuliza soksi yake imefika wapi, nikamwonyesha kisigino.

Ninafuma polepole, dada. Polepole sana.

Ni mimi, mdogo wako.