Aliyeacha Sigara kwa Barua

4 Februari

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, dada yangu na watoto hamjambo. Mimi sijambo, ila ngazi za nyumba ya binti yangu zinanikomesha kila asubuhi. Nimepewa chumba chenye dirisha kubwa, cherehani yangu imekaa vizuri, na mjukuu ameshavunja sindano mbili.

Nakuandikia kukukumbusha ahadi. Daktari wa kliniki alitukalisha pamoja kama watoto wa darasa moja, akasema sukari inachubua mishipa ya moyo na moshi unaimalizia, kwa hiyo mwenye kisukari wa umri wetu anayevuta anajichimbia mwenyewe. Tulipeana mikono mlangoni pa duka letu la ushonaji. Maisha yetu yote ya kazi tumevuta sigara moja kwa wawili kwa sababu ya pasi ya mkaa isiyoachwa peke yake: wewe unavuta nusu nje mimi nalinda pasi, unaingia, natoka kumalizia. Sasa tumekubaliana tusivute kabisa. Mimi tangu nihamie huku sijagusa. Juzi nilitafuna kifuniko cha kalamu mpaka binti yangu akaniuliza kama nina njaa. Wewe je? Sema kweli.

Ndimi shemeji yako,
Mshonaji

12 Machi

Shemeji,

Barua yako imefika. Mimi nimeisoma mara moja, dada yako mara tatu, tena kwa sauti. Sisi hatujambo, watoto wanakusalimu.

Swali lako nalijibu kiume: sijagusa. Moshi pekee ninaouona ni wa pasi. Jirani yetu muuza viatu anawasha makusudi karibu na pua yangu, namwambia rudi nyuma, shetani. Kaza buti, maana kati yetu wewe ndiye laini. Hata jino ulipong'olewa ulilia.

Siku hizi nachoka ovyo. Nikikata suti moja jasho linanilowesha shati, na pumzi inakuwa fupi kama ya mtu aliyekimbizwa na mbwa. Kifua hakiumi hata kidogo, kwa hiyo ni uzee tu. Usihangaike kupiga simu, spika imekufa. Tuandikiane kama zamani.

Shemeji yako,
Mkataji

20 Aprili

Shemeji yangu,

Hujambo? Dada hajambo? Sisi wazima.

Juzi harusini waliweka pakiti wazi mezani, kila mtu anajichukulia. Nilishika moja. Nikatoka nayo nje, barua yako ikiwa mfukoni, nikasoma pale ulipoandika "sijagusa". Nikaona haya, nikairudisha. Asante, shemeji. Bila wewe ningeshaanguka.

Ila hilo jasho lako limenitia hofu. Nimemuuliza nesi wa kliniki ya huku. Anasema sisi wa kisukari moyo unaweza kuumwa na kifua kisiume, kwa sababu sukari inaua hisia. Uchovu, jasho na pumzi kukatika vinatosha kumpeleka mtu hospitali, tena haraka. Nakusihi, nenda ukapimwe wiki hii. Mwambie dada akusindikize.

Shemeji yako akupendaye,
Mshonaji

19 Juni

Shemeji,

Sijui nikusalimieje. Dada yangu amenipigia. Amesema ulianguka juu ya meza ya kukatia, mkasi mkononi, na madaktari wamekuta mishipa miwili ya moyo imeziba, wakakuwekea vyuma vidogo vya kuifungua. Namshukuru Mungu kwamba u hai. Shukrani zangu zinaishia hapo.

Kwenye koti lako wamekuta pakiti. Muuza viatu kamwambia dada yangu kwamba hukuacha hata wiki moja. Kumbe ulikuwa ukiandika "sijagusa" na vidole vinanuka! Na simu yako ni nzima, inalia kama tarumbeta. Ulikuwa unanificha kikohozi, nisikisikie. Na barua yangu ya Aprili, ile ya kukusihi ukapimwe, dada ameikuta kwenye droo ya vifungo, imefunguliwa na kukunjwa vizuri. Uliisoma, ukanyamaza.

Ulipokuja kuposa, baba alisita. Mimi ndiye niliyemwambia, "Huyu namjua, mwache amchukue." Leo ningekuwa na uso gani mbele ya baba? Umenisaliti mimi, na umemsaliti dada yangu aliyekuwa akikufulia makoti huku akiamini kwamba harufu ile ni ya mkaa.

Mshonaji

8 Julai

Shemeji yangu,

Nimerudi nyumbani. Dada yako anakusalimu ingawa mimi ananisalimia kwa tabu.

Una haki ya kukasirika, lakini nisikilize. Sikuvuta kama unavyodhani. Nilivuta nusu yangu tu. Nusu yako nilikuwa naizima na kuiweka juu ya tofali la mlangoni, sikuigusa hata siku moja. Nilijiambia kwamba maadamu siivuti nzima, sijavunja ahadi kabisa, na nusu haiwezi kumuua mtu. Nilipomweleza daktari, alisema moyo haujui nusu, hata moja kwa siku inaumiza, na wa mwenye kisukari zaidi.

Kuhusu kukudanganya, nilifanya kwa faida yako. Ningeandika ukweli ungewasha siku hiyohiyo, mimi nakujua. Umeacha, hujaacha? Umeacha. Basi uongo wangu umekulinda.

Shemeji yako daima,
Mkataji

20 Julai

Shemeji,

Kwa faida yangu! Tumezeeka kwenye meza moja, kumbe mwenzangu alikuwa ananiona mtoto wa kunyamazishwa kwa pipi.

Barua zako ndizo nilizoegemea. Kila hamu iliponishika nilijiambia, vumilia, mwenzako naye anateseka saa hii. Nawe ulikuwa nje umesimama, unapuliza. Niliteseka peke yangu, shemeji, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hiyo pakiti.

Jana nimenunua sigara moja duka la chini. Iko hapa kando ya cherehani, na kiberiti kipo. Sijaiwasha. Ninajua sukari yangu, ninajua moyo wangu, nimeona yaliyokupata, na bado naitazama. Niambie kitu. Safari hii usinidanganye.

Mshonaji

29 Julai

Shemeji,

Barua hii nimeiandika na kuichana, maana kila nikianza mkono unataka kukuchekesha. Haya, bila mzaha.

Mimi si mzima. Kutoka kitandani mpaka mlangoni napumzika njiani. Mkasi mkubwa siuwezi, nachora kwa chaki na dada yako ndiye anayekata. Anakata vibaya na sithubutu kusema. Nikisinzia kitini anasogea karibu kusikiliza kama napumua.

Na Jumanne nilivuta. Baada ya hivyo vyuma, baada ya machozi ya dada yako, nilijificha nyuma ya choo nikavuta, kisha nikalia. Kesho yake nilikwenda kliniki nikamwambia nesi, dada yako akiwa pale pale. Nesi hakunifokea. Kumbe kuna dawa za kupunguza hamu, na kuna mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Sisi tulidhani ni kukaza meno tu. Nimeanza, pamoja na dawa za presha na za mafuta kwenye damu. Sijui kama nitaweza.

Barua yako ya Aprili niliielewa vizuri. Niliogopa kwamba wakinipima itajulikana navuta, nawe utajua. Niliona bora kufa kuliko unidharau. Ni aibu, lakini ndio ukweli wenyewe.

Usiiwashe, shemeji. Tafadhali.

Mkataji

5 Agosti

Shemeji,

Salamu kwako na kwa dada. Mwambie aache upana wa vidole viwili kwenye mshono, nguo ikibana tutafungua.

Barua yako imeniliza mpaka binti yangu akadhani kuna msiba. Ile sigara nimeivunja, nimeitupa jalalani, na Jumatatu nakwenda kuulizia hizo dawa. Sikufanya kwa ajili yako. Nimefanya kwa sababu safari hii nimejua ninaandikiana na nani.

Ukivuta tena, niandikie kwamba umevuta. Ukiona jasho lile, usiniandikie mimi, kimbilia hospitali kwanza. Na usirudi kunichagulia ukweli ninaouweza na nisiouweza.

Sijakusamehe. Nimejaribu jana na leo, roho imegoma, na nadhani itachukua miaka. Kwa hiyo kunywa dawa zako, shemeji, maana sitaki kuja kumsamehe maiti.

Shemeji yako,
Mshonaji